Upawa wa Stili

Saa tatu na dakika arobaini, mwezi wa saba,
Magomeni Mapipa, nyuma ya gereji ya Kidevu,
nilitanua miguu mitatu ya kamera
nikakipiga picha kiwanja kama kilivyo:
mchanga, bati, tangi la maji lililopauka,
benchi la Bi Sikujua na sufuria yake ya supu.

Mpira wangu wa kuakisi nimeusahau Sinza.
Bila mpira huo jengo halijui jua liko wapi.
Nikamwomba Bi Sikujua upawa wake wa stili.
"Unataka supu au unataka upawa?"
Nataka mgongo tu, nikasema.
"Mgongo wa nani?"
Wanywa supu wakapaliwa.

Akaufuta kwa pindo la kanga, akaushika juu,
nikaupiga mara saba, kutoka giza hadi weupe,
na katika mgongo ule mtaa mzima ukajikunja:
nguzo ya umeme, anga, Hamduni na tairi lake,
wanywa supu wanne,
na mimi, kichwa kama papai.

Usiku, feni ya kompyuta ikinipulizia joto,
nikalishusha jengo kutoka hewani.
Ghorofa kumi na mbili, halina hata kilo.
Nalizungusha kwa kidole kimoja
kama mtu anayechagua tikiti.

Programu ilidhani tunakaa kwao,
ikaliegesha jua kusini.
Nikaling'oa, nikalipeleka upande wa Msasani,
maana Julai yetu asubuhi hutokea huko.

Kisha kivuli.
Hapo ndipo fundi hulipwa au hufukuzwa.
Kitu kisicho na kivuli, jicho hukikataa
kabla akili haijaulizwa.
Nikatandika chini sakafu isiyoonekana,
kazi yake moja tu, kupokea giza,
na giza likalala juu ya mchanga wa kweli,
likapanda benchi, likapinda kwenye sufuria,
likamfunika Bi Sikujua hadi kifuani
naye hana habari, anapuliza kuni.

Saa nane umeme ukakatika.
Nikaanza upya.

Bwana Mgonja akatazama, akasogea, akarudi nyuma.
"Safi. Ila safisha."
Nikafuta benchi. Nikafuta sufuria.
Moshi ulinisumbua, moshi hauna ukingo.
Nikamfuta Hamduni, tairi likabaki limesimama peke yake,
nikarudi nikalifuta nalo.
Mahali pao nikapanda michikichi ya mapambo
na dada mmoja mwenye mkoba wa ngozi,
nikamshusha pikseli mbili
ili aache kuelea.

Bango likasimamishwa ukingoni mwa Barabara ya Morogoro.
Nikaenda kulitazama, kama fundi yeyote
anayepita nyumba aliyoijenga akijifanya ana safari.
Nikamkuta Bi Sikujua. Amehamia ng'ambo,
sufuria ileile, mawe mapya,
kivuli cha bango kikimfaa vizuri kuliko kile changu.

"Wewe wa upawa! Njoo."
Akaelekeza juu kwa upawa wenyewe, supu ikidondoka.
"Ghorofa ya nne. Hesabu madirisha, la tatu.
Yule si mimi?"

Nikahesabu.
Kwenye kioo, kadogo kama punje ya mchele, kamepinda:
benchi. Kanga ya manjano.
Tairi, na mtoto nyuma yake.
Picha nilikuwa nimeifuta.
Mwanga wa upawa sikuukumbuka.

Nikaanza kumweleza habari za vioo na miale.
Hakunisikiliza, alikuwa anatafuta bakuli safi.
Akaniwekea supu, akaongeza ndimu,
kisha akaniuliza, bila kucheka,
kodi ya ghorofa ya nne ni shilingi ngapi kwa mwezi,
maana yeye, anavyoona,
ameshahamia.